Pikapu ya Kumfuata Mama

Gari letu lilisimama likiwa limebakiza hatua chache kufika kwenye kuti la sita lililochomekwa mchangani. Moshi ulikuwa unatoka sakafuni, karibu na miguu ya mume wangu, na nyuma ya gari, juu ya kitanda kikubwa cha mbao kisicho na miguu kilichokuwa kinaburutwa na gari, alikuwa amekaa mama yangu mdogo. Miguu alikuwa ameinyoosha na mwavuli ameufungua, kama mtu anayepelekwa harusini. Watu wa Mbagala walipiga kelele mpaka kuku wakarukia paa la nyumba ya jirani. Mimi sikuwa naangalia kuti, wala mama mdogo. Nilikuwa naangalia ule moshi, maana gari lile ndilo lililokuwa liondoke alfajiri ya kesho yake kwenda Lindi kumchukua mama yangu mzazi.

Mume wangu alikuwa seremala Keko. Alitengeneza vitanda, makabati na makochi. Mimi nilishona foronya za makochi hayo na kuzijaza usufi. Karakana yetu ilikuwa kibanda cha makuti kando ya barabara, na mbele yake, chini ya mwarobaini, lilikaa gari: pikapu ya Kiingereza ambayo zamani ilikuwa kijani, tuliyouziwa na meneja wa shamba la katani aliyekuwa anarudi kwao miaka michache baada ya uhuru. Lilileta mbao likija, likapeleka samani likienda. Halikuwa na honi. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba. Lakini injini ilikuwa na sauti nzito iliyotulia, na wapita njia wanaojua magari walikuwa wakisimama kuisikiliza.

Kwa sauti ile mume wangu aliingia kwenye mashindano ya kuvuta.

Mashindano hayo hayakuwa na mwenyewe. Yalianza kama ubishi. Sikukuu moja lori la mkaa lilikwama kwenye mchanga wa Mbagala, wakaja watu wawili wenye pikapu kulivuta, na lilipotoka kila mmoja akadai ndiye aliyelitoa. Ubishi ule haukuisha, ukawa desturi. Mara mbili au tatu kwa mwaka, Jumapili asubuhi, wenye pikapu kuukuu walikutana kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya mikorosho, wakavuta. Maseremala wa Keko ndio waliotengeneza kitu cha kuvutwa: fremu ya mihimili ya mkongo, pana kama chumba, chini imepigwa randa, mbele imepinda juu kidogo isichimbe mchanga. Kwa kuwa ilitoka mikononi mwa watu wa vitanda, wote waliiita kitanda.

Mzigo ulikuwa watu. Mizani haikuwepo, na magunia yangezua maneno. Makuti yalichomekwa mchangani, moja mbele ya lingine, na kwenye kila kuti walisimama wakazi wa mtaa pinzani. Kitanda kilipopita polepole, waliosimama pale walikikalia. Kadiri gari lilivyokwenda ndivyo lilivyozidi kulemewa. Likisimama, limesimama, hakuna kuanza tena. Sheria ya maana ilikuwa moja: anayekaa awe mkazi wa mtaa pinzani, na mtaa huo ndio unaochagua nani akae kuti gani. Kwa sababu hiyo wanene wote wa Temeke waliheshimiwa sana siku zile. Namkumbuka muuza chapati mmoja aliyekuwa analetewa supu na vijana wa mtaa wake wiki nzima asije akapungua.

Mshindi alipewa mbuzi, na mbuzi huyo aliliwa na wote siku hiyo hiyo, kwa hiyo mimi sikuwahi kuelewa kilichoshindwa ni nini hasa. Mume wangu alielewa. Mara ya mwisho alikuwa ameshindwa na muuza mkaa wa Mbagala, na tangu hapo kila muuza mkaa alipopita mbele ya karakana yetu na magunia yake alipunguza mwendo, akatoa kichwa nje.

"Seremala! Bado unatafuta gia?"

Mume wangu aliendelea kupiga randa, lakini maranda yalikuwa yanatoka mazito.

Mwezi wa pili mwaka huo msafiri kutoka Lindi alitufikishia habari. Kijiji cha mama kilikuwa kinahamishwa, kama vijiji vingine vingi wakati ule wa vijiji vya ujamaa. Watu walikuwa wahamie kando ya barabara kuu, kila kaya ipewe kiwanja ijenge upya, na nyumba za zamani ziachwe. Mama alikuwa amevunjika nyonga mwaka uliotangulia alipoanguka kisimani, na mfupa uliunga vibaya. Alitembea kwa fimbo. Kukaa kwenye kiti kwa muda mrefu hakuweza, kwa hiyo basi halikufaa, na meli aliikataa tangu zamani. Njia iliyobaki ilikuwa godoro nyuma ya pikapu na turubai juu. Na pikapu ilikuwa lazima ivuke Rufiji, kwenda na kurudi, kabla ya masika. Mto ukijaa, pantoni inafungwa, bonde lote la udongo mweusi linakuwa uji, na kusini kunakatika na sisi kwa miezi.

Rafiki wa mume wangu, fundi makenika wa karakana moja ya serikali, alikubali kwenda naye. Bila yeye mume wangu asingethubutu vilima vya Umatumbi vilivyo njiani. Lakini likizo ya fundi ilikuwa inaanza Jumatatu, na Jumapili, siku moja kabla, ndiyo ilikuwa siku ya kuvuta.

"Ahirisha," nilimwambia mume wangu.

"Niahirishe nini? Safari?"

"Kuvuta."

"Mama watoto, Jumapili gari halina kazi. Litakaa chini ya mwarobaini likiangaliwa na mbuzi. Jumapili navuta, Jumatatu naondoka. Tatizo liko wapi?"

"Klachi."

Hilo ndilo neno ambalo nyumbani kwetu lilikuwa halitajwi wakati wa kula.

Nilikuwa nimejifunza klachi kwa hofu. Ndani ya gari kuna sahani inayobanwa upande wa injini ili nguvu iende kwenye magurudumu. Ikibanwa vizuri gari linatembea. Ikiteleza, injini inalia na gari halisogei, na kinachoungua ni kitambaa kigumu kilichogandishwa juu ya sahani. Sahani mpya ya gari letu haikupatikana. Fundi alishapita maduka yote ya spea mjini, mpaka wauzaji wakawa wanatikisa kichwa kabla hajasalimia. Iliyokuwemo aliivalisha mwenyewe, kwa vipande vya kitambaa cha breki ya lori alivyovikata na kuvigonga kwa ribiti za shaba. Ilibeba makabati bila shida. Ingebeba godoro na mama. Hakuna aliyejua kama ingebeba kitanda cha Mbagala na kisha Lindi.

Matengenezo yalianza. Kila jioni baada ya kufunga kazi, mume wangu na fundi waliingia chini ya gari, nami nikakaa mlangoni na cherehani yangu, nikishona na kusikiliza.

Walianza na springi za nyuma. Bushi zake, vipete vya mpira vinavyozishikilia, zilikuwa zimeliwa, na mpira mwingine ulikuwa shida. Mume wangu akachukua kipande cha mpingo, akachonga bushi mpya kwa patasi, akazisugua kwa msasa, akazilaza kwenye oili mpaka zikanywa, kisha akazigonga mahali pake. Ziliingia kana kwamba gari lilizaliwa nazo.

"Shemeji," fundi aliniita kutoka chini ya gari, "mumeo amelitia gari meno ya bandia."

"Yang'ate tu," nikamwambia, "ila yasing'ate klachi."

"Unaona?" mume wangu akasema. "Hata usingizini anaitaja."

Kisha wakafunga mhimili wa mninga nyuma, kati ya vyuma viwili vya chesi vinavyobeba gari, wa kushikilia ndoano ya kufungia mnyororo. Hapo walibishana siku mbili. Ndoano ikiwekwa juu, magurudumu ya nyuma yanakandamizwa na kushika mchanga, ila pua ya gari inainuka. Ikiwekwa chini, pua inatulia, lakini magurudumu yanaweza kuzunguka bure.

"Yakizunguka bure inakuwaje?" nikauliza.

"Unashindwa," mume wangu akasema.

"Na klachi?"

Fundi alitoa kichwa akaniangalia. "Magurudumu yakizunguka bure, shemeji, klachi inapona. Yakishika na mzigo ukakataa, hapo ndipo klachi inapoungua."

Tangu jioni ile nilijua ninachokiombea. Nilitaka ndoano iwe chini, matairi yawe vipara, mchanga uwe mkavu na mwepesi. Lakini nilichokuwa nakishona ni kinyume chake. Mume wangu alikuwa amenipa turubai nishone mifuko ya mchanga ya kupanga nyuma ya gari, juu hasa ya ekseli ya magurudumu, ili magurudumu yashike. Niliishona kwa mishono miwili miwili kama inavyotakiwa, na kila nilipomaliza mmoja nilijua nimeongeza uzito juu ya sahani ile. Alipoijaza mchanga na kuipanga, gari likakaa chini nyuma kama kuku anayetaga.

Ndoano waliiweka juu.

Ijumaa walilijaribu. Kulikuwa na gogo la mwembe mtaroni karibu na karakana, limelala pale tangu tufani ya mwaka wa nyuma. Walipunguza upepo kwenye matairi, wakafunga mnyororo, mume wangu akaachia klachi polepole. Gogo lilitoka mtaroni kwa heshima zote, watoto wakashangilia. Mimi nilisikia harufu, kama kwato iliyotiwa motoni. Fundi aliinama, akanusa sakafu ya gari.

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

"Bado haijaungua."

Lile "bado" lilininyima raha. Kesho yake nilikwenda Mbagala kwa mama mdogo.

Mama mdogo alikuwa mdogo wake mama, tumbo moja. Alikuja Dar es Salaam kabla ya uhuru, akafiwa na mume, akabaki Mbagala katika nyumba ya vyumba viwili, akiuza vitumbua. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye mdomo ambao wauza samaki waliuogopa. Mume wangu alimheshimu kupita kiasi, maana kwetu mama mdogo wa mke ni mkwe kamili. Alipomwona anakuja, aliteremka kwenye baiskeli. Hakula mbele yake, hakucheka kwa sauti mbele yake, na hakumpa mgongo. Akitoka chumbani alimo mama mdogo, alitoka kinyumenyume mpaka mlangoni. Majirani wa Keko walimcheka kwa hilo, naye hakujali.

Nilimkuta anageuza vitumbua. Nilimweleza yote: mvua, mto, sahani, mifuko, ndoano. Alisikiliza bila kuniangalia.

"Umemwambia asivute?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Anasema gari Jumapili halina kazi."

"Hm. Na huyo dada yangu ana nyonga moja, na wao wanacheza." Akageuza kitumbua. "Hebu niambie. Kwenye hicho kitanda wanakaa watu gani?"

"Wa mtaa pinzani. Akivuta yeye, wanakaa watu wa huku."

"Hata wanawake?"

"Hata wanawake. Wanene ndio wanaotafutwa."

Akapuliza moto.

"Nenda kashone mifuko yako," akasema. "Na hivi vitumbua mpelekee mkwe wangu."

Niliondoka na vitumbua na hofu yangu ile ile. Mume wangu alivila vyote, akasema mkwe wake anamtakia ushindi.

Jumapili tulifika uwanjani mapema, maana magari yote yalitakiwa yawe yamerudi kwao kabla ya saa nane. Wakati ule mafuta yalikuwa shida nchini, na Jumapili kuanzia saa nane mchana hukuruhusiwa kuendesha gari bila kibali. Mjumbe wa nyumba kumi wa pale, mzee mwenye saa ya mnyororo, ndiye aliyesimamia mashindano, na saa yake aliitazama kuliko alivyotazama magari.

"Ndugu wananchi," alisema, "tunavuta kwa amani. Asiyekubali kushindwa arudi kwao sasa hivi, barabara bado iko wazi."

"Keko mtarudi na nini?" muuza mkaa alidakia. "Mmeleta gari au kabati?"

"Kabati," vijana wetu wakajibu. "Tumekuja kukufungia ndani!"

"Lina funguo?"

"Funguo atakuletea mkeo, yuko upande wetu!"

Mkewe, aliyekuwa anamenya miwa, aliwarushia maganda. Watu wakacheka. Mimi nilicheka nao, huku nimeshika pindo la khanga kwa mikono miwili.

Muuza mkaa alivuta kwanza. Watu wetu wa Keko walikalia kitanda kuti kwa kuti, na yule muuza chapati alikaa kwenye la tano kwa shangwe. Gari likalia, likatikisika, likafika kwenye kuti la sita likaligusa, kisha magurudumu yakachimba mchanga na kuzunguka bure. Hapo likasimama. Nilitazama chini ya gari lake. Hakukuwa na moshi. Nilimwonea wivu mkewe, maana gari lao lilishindwa na mchanga tu.

Zamu yetu ikafika. Mume wangu alivua shati, akabaki na fulana, akaingia. Fundi alisimama kando ya dirisha. Mnyororo ukanyooka, kitanda kikaanza kuteleza kitupu, kwa sauti ya ngozi inayoburutwa.

Kuti la kwanza wakakaa vijana wa mkaa. La pili wakakaa wengine. Gari halikustuka. Bushi za mpingo zililia kidogo zikanyamaza. La tatu wakakaa ndugu wawili wapasua kuni, wanaume walioshiba, na pua ya gari ikainuka kidogo. Magurudumu yalishika, mifuko yangu ilifanya kazi yake. La nne likapita. Kwenye la tano harufu ya kwato ikanifikia, safari hii nzito, na nikamwona fundi anainama, ananusa, ananyanyua kichwa. Injini ilikuwa inalia zaidi kuliko gari lilivyokuwa linakwenda. Nilikuwa nimeshajifunza maana ya sauti ile.

"Mwambie aache!" nikamwambia fundi.

"Shemeji, amebakiza padogo."

"Na Lindi je?"

Hapo ndipo nilipotazama mbele na kumwona mama mdogo amesimama kati ya kuti la tano na la sita, peke yake, amevaa khanga zake za sikukuu, mwavuli mkononi. Watu wa Mbagala walikuwa wamempanga pale mwanamke mwingine, mnene wa haja, naye alikuwa amesogea pembeni ananong'ona na wenzake. Baadaye nilisikia kwamba mama mdogo alimwambia tu, "Nipishe, mwanangu, hapa pana mambo ya ukoo."

Kitanda kilifika. Mama mdogo alikunja khanga, akakaa kwa utaratibu kwenye ukingo wa nyuma, akanyoosha miguu, akafungua mwavuli. Uzito wake hauwezi kuwa ulizidi mfuko wangu mmoja wa mchanga.

Mume wangu alikuwa anaangalia mzigo wake kupitia kidirisha cha nyuma, kama wavutaji wote wanavyofanya. Nilimwona anageuza shingo, anageuza tena. Gari likasimama.

Kelele za Mbagala sijawahi kusikia mfano wake. Vijana wa Keko walikimbia kwa mjumbe wakipinga kwa pamoja.

"Huyo ni mkwe wake! Mmemwekea mkwe!"

"Mie mtu wa Mbagala," mama mdogo alisema bila kunyanyuka. "Nyie mna mtaa wenu, nami nina wangu."

Mjumbe aliinua mkono. "Mama huyu ni mkazi wangu. Nyumba yake naijua, choo chake nimekikagua. Sheria inasema mkazi. Haijasema mkazi asiwe mkwe."

"Lakini mzee, mtu ataburuzaje mkwe wake?"

"Hilo ni la mvutaji," mjumbe akasema, akatazama saa. "Keko wameishia la tano."

Mume wangu alitoka ndani ya gari. Alivaa shati kwanza, akafunga vifungo vyote, ndipo akazunguka mpaka kwenye kitanda na kuchuchumaa mbali kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Gari zuri. Limetulia." Kisha akashusha sauti, lakini nilikuwa karibu nikasikia. "Dada yangu amefunga mizigo. Anasubiri."

"Ndiyo, mama."

Alinyanyuka akarudi nyuma hatua kadhaa, bado amemwelekea, mpaka akagonga kisigino kwenye tairi la gari lake mwenyewe. Muuza mkaa alikuja na mkono wake wa pole na neno la utani mdomoni. Alipomwona usoni alilimeza, akampa mkono tu.

Fundi alikuwa ameshafungua kifuniko cha sakafuni na kutia pua ndani.

"Imeungua?" nikamuuliza.

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama maharage, shemeji. Yanalika, lakini kila mtu atajua."

Hatukungoja mbuzi aive. Tulitoka Mbagala tukiwa na saa nane migongoni, gari linatembea kwa gia ndogo, mume wangu na fundi mbele, mimi nyuma nimekaa juu ya mifuko ya mchanga. Kwenye kila mwinuko wa Barabara ya Kilwa nilisikiliza injini kama mtu anayesikiliza pumzi za mgonjwa. Tulifika Keko kabla ya saa nane, fundi akaiacha klachi ipoe, akaijaribu, akaikaza anavyojua yeye. Aliniambia itakwenda. Hakuniambia itarudi.

Alfajiri wakaondoka. Nilikuwa nimewafungia mikate, chai ya chupa, godoro na turubai. Mifuko ya mchanga niliiteremsha mwenyewe, nikaimwaga mtaroni.

Mume wangu alikuwa amesema Ijumaa watakuwa wamerudi. Jumatano mvua ilinyesha Keko, ya kwanza, ya muda mfupi. Alhamisi ilinyesha tena, haikuwa fupi. Ijumaa nilikwenda barabarani kuwauliza abiria wa mabasi ya kusini. Mmoja alisema pantoni inavusha. Mwingine alisema haivushi. Wa tatu alisema ameona pikapu ya kijani imesimama bondeni, kisha akasema labda ilikuwa ya buluu. Nilishona foronya nikazifumua. Mama mdogo alihamia kwangu, akakaa mlangoni, naye hakuwa na maneno ya kumpiga mtu yeyote, jambo lililonitisha kuliko mvua.

Walikuja wiki iliyofuata, mchana, mvua inanyesha. Nililisikia gari kabla ya kuliona: injini inapiga kelele za mwendo wa kasi, na gari lenyewe linatambaa, wanawake wenye ndoo kichwani walikuwa wanalipita. Lilifika chini ya mwarobaini, likazimika lenyewe.

Mama alikuwa chini ya turubai, mzima, amechoka, ananuka udongo wa Rufiji. Nilipomnyanyua niliona kwamba godoro halikulazwa juu ya bati la gari. Lililazwa juu ya mlango. Mama alikuwa amewaamuru waung'oe mlango wa nyumba yake, wa mninga, pamoja na fremu na komeo, na njia nzima alilala juu yake.

"Vile vilima tulivipandaje?" fundi alisema, amekaa chini kwenye matope, hana nguvu. "Kinyumenyume, shemeji. Gia ya nyuma ndiyo iliyokuwa bado ina nguvu. Mama ametangulia, sisi tunafuata."

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa," mume wangu akasema, na mama mdogo akamtazama kwa mara ya kwanza bila ukali.

Fundi alifungua klachi wiki hiyo. Upande mmoja wa sahani kitambaa kilikuwa kimekwisha kabisa, ribiti zimelala wazi, zinang'aa. Nilimuuliza kilichokimaliza ni kitanda au vilima. Aliigeuza sahani mkononi, akasema haiwezekani kujua. Nilimuuliza mume wangu kama pale uwanjani alisimama kwa sababu ya mkwe au kwa sababu klachi ilikuwa imeshateleza. "Nilimwona, mguu ukatoka wenyewe kwenye mafuta," akasema. Kisha akafikiri. "Au mguu ulitoka kwanza."

Nilidhani hofu yangu imefika mwisho. Jioni moja, tukiwa tumekaa barazani, mama alisema kwa sauti ya kawaida kwamba amekuja kukaa mvua tu.

"Mvua zikikatika wanagawa viwanja," akasema. "Asiyekuwepo hapewi. Kwa nini unadhani nimebeba mlango?"

Nikatazama gari. Lilikuwa juu ya magogo, gia boksi liko chini kwenye gunia, sehemu ya sahani iko tupu.

Mvua zilikatika. Mlango wa mama uliegemea ukuta wa karakana kati ya makabati yetu, na wateja walipouliza bei mume wangu aliwaambia una mwenyewe. Fundi alikuwa bado anatafuta sahani. Kitambaa cha breki ya lori nacho kilikuwa kimeadimika. Kila asubuhi mama alitoka na fimbo yake, akalizunguka gari taratibu, akaniuliza kama sahani imekuja. Nilimjibu bado.

Asubuhi moja alipita msafiri kutoka kwao, akasimama kunywa maji. Alisema upimaji umeanza, watu wamechomekewa vijiti vya viwanja, vyenye majina yao, kando ya barabara. Mama alimuuliza kama chake amekiona. Msafiri alijibu kwamba vijiti ni vingi, na yeye hakuangalia majina.